Soksi ya Maharage

Tarehe 3 Mei

Kwa mjukuu wangu, Mwalimu wa kesho,

Salamu zangu zikufikie kabla maziwa hayajachacha. Natumaini u mzima, unakula na unalala. Sisi huku hatujambo. Bibi yako anagomba kama kawaida, ndiyo alama ya afya yake. Mimi goti la kushoto linalalamika na la kulia linalisikiliza, basi tunakwenda hivyo hivyo.

Naandika kwa sababu ile simu uliyoniletea niliifungua nione kuna nini ndani. Mtu aliyekuwa fundi saa miaka arobaini na saba hawezi kukaa na kitu kilichofungwa. Sasa imekataa kufungika, na skrubu mbili zimebaki mkononi. Kwa hiyo barua nampa dereva wa gari la maziwa, anayepita mbele ya hiyo shule unayofanyia mazoezi ya kufundisha. Ameapa hatasoma. Kama unasoma, dereva, ile shikamoo yangu ya wiki iliyopita bado sijaiona.

Mama yako ameniambia umefeli somo la kukaguliwa. Sayansi, darasa la tatu, viumbe hai. Mjukuu wangu, si ungeniuliza mapema! Katika ukoo huu hakuna anayejua viumbe kunishinda. Nimepanda, nimefuga, nimeotesha. Mimi nikitupa mbegu dirishani, kesho yake dirisha halifunguki kwa majani.

Nimemsomea bibi yako sentensi hiyo, amecheka mpaka amekaa chini. Haya, uongo. Kitu pekee nilichowahi kupanda ni ngazi, na nilichofuga ni ndevu.

Lakini kufundishwa nakujua. Bwana aliyenifundisha saa hakunieleza neno mwezi mzima. Alinipa saa ya ukutani iliyokufa, bisibisi na sahani, akasema, "Fungua. Ukijua kwa nini imekufa, njoo tuongee." Nilimchukia sana, na sijasahau hata jino moja la gurudumu lile.

Hebu nieleze ulifundishaje, na usinipambie. Pamoja na barua hii utakuta kijicho changu, kile kioo cha kubana kwenye jicho. Waonyeshe watoto sisimizi. Nakuazima, sikupi.

Babu yako,
Fundi mstaafu (macho ndiyo yaliyostaafu, mimi nimeyafuata tu)


Tarehe 7 Mei

Shikamoo babu, shikamoo bibi,

Mimi mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha linalotazama ukuta, lakini kina dirisha. Pole na goti. Kuhusu simu sina la kusema, mama atasema.

Umetaka nisipambe. Niliandika ubaoni sifa saba za viumbe hai. Nikasoma, watoto arobaini na sita wakafuatisha. Tukaimba mara nne. Nilijiona nimemaliza kazi. Mkufunzi wetu wa chuo alikuwa amekaa nyuma, mama mmoja mwembamba mwenye saa kubwa mkononi. Akamwita msichana wa dawati la mwisho, tunamwita Kimya kwa sababu tangu nifike sijamsikia akisema zaidi ya "nipo". Akamuuliza:

"Sisimizi ni kiumbe hai?"

"Ndiyo."

"Umejuaje?"

"Mwalimu amesema."

"Na gari je? Linatembea, linakunywa, linatoa moshi."

Darasa zima likaitikia, "Ni kiumbe haiii!"

Babu, nilitamani kuingia kabatini. Kwenye daftari langu aliandika hivi tu: "Umefundisha wimbo. Wanaujua vizuri."

Atarudi Jumatano tarehe 29. Nikifeli mara ya pili, chuo hakina mara ya tatu. Miaka miwili imekwisha hapo, narudi nyumbani bila cheti, nawe utanipa kazi ya kukutafutia skrubu.

Kijicho kimefika. Asante. Tumetazama sisimizi mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Waziri ameapa kwamba sisimizi ana nyusi. Waziri ni mtoto anayeahidi kila kitu na hatekelezi, jina alipewa na wenzake. Hapo nikapata wazo. Kila mtoto atakuwa na kopo lake, pamba mbichi na harage moja. Ataliangalia kila siku na kulichora. Mkufunzi akija atakuta mimea arobaini na sita na watoto wanaojua ilikotoka. Jumatatu nitakwenda kununua maharage.

Mjukuu wako


Tarehe 11 Mei

Mwalimu wangu,

Marahaba. Goti linakusalimu.

Usinunue! Maharage ya dukani yamekaa gunia hadi gunia, hayajui hata yalikozaliwa. Babu yako yupo hai, ununue mbegu?

Dereva atakupa soksi yangu ya kulia. Imefuliwa, usiishike kwa ncha za vidole. Ndani mna maharage hamsini. Arobaini na sita ya darasa, matatu ya watakaopoteza, moja la Waziri maana atalipoteza mara mbili. Nimeyachagua moja moja kwa macho haya yaliyosalia. Hakuna lenye tundu, hakuna lenye mdudu, hilo nimelihakikisha kwa mkono wangu. Yanang'aa kama vifungo vya koti la harusi. Hayo yakiona maji tu, wewe simama pembeni usije ukagongwa.

Ushauri mmoja. Usiwaambie kitakachotokea. Wakikuuliza kwa nini, waulize wao wanadhani kwa nini. Bibi yako hunifanyia hivyo tangu tuoane na nimejifunza mengi, ingawa sikutaka.

Soksi ni ya kurudisha. Nimebaki na ya kushoto, inajiona mjane.

Babu yako,
Msambazaji wa mbegu


Tarehe 20 Mei

Babu, shikamoo,

Sisi hatujambo, ila maharage.

Leo ni wiki kamili. Makopo arobaini na sita yamepangwa dirishani na halijaota hata moja. Siku ya pili yalivimba, tukashangilia. Siku ya nne maji yakatoa povu. Leo yananuka mpaka mwalimu wa darasa la pili amefunga mlango wake. Watoto wengine wanasema yamelala. Waziri ameahidi yataota kesho, na anaahidi hivyo tangu Alhamisi. Mmoja kopo lake lina pamba tupu, anasema harage lake ameshalizika. Kimya peke yake ndiye anayefika kila asubuhi, anabana kijicho, anainama, anachora duara lile lile daftarini na kuandika tarehe.

Wananiuliza kwa nini. Ninawauliza wao wanadhani kwa nini, kama ulivyonishauri. Shida ni kwamba hata mimi sijui.

Zimebaki siku tisa. Babu, nijibu bila utani, mara moja tu katika maisha yako. Maharage haya yalikuwa na nini?

Mjukuu wako


Tarehe 22 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bila utani, basi. Kalamu haijazoea, uivumilie.

Hayo ni maharage ya akiba yangu, ninayokula mwenyewe. Miezi miwili iliyopita yaliingiwa na fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa. Unakikumbuka kile kisanduku changu cha bati chenye balbu mbili kubwa ndani? Nilichokuwa nakaushia vyuma vya saa baada ya kuviosha kwa mafuta ya taa? Kilikuunguza kidole ulipokuwa na miaka mitano. Niliyatia humo. Kutwa nzima, balbu zinawaka. Fukusi wote wakafa, nikawafagia, maharage yakabaki safi. Nilijisifu siku tatu. Tangu hapo tumeyapika na ni matamu. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba kilichomuua mdudu kimeliua na harage.

Sikukusudia. Miaka arobaini na saba watu waliniletea saa wakisema, "Fundi, imekufa." Naifungua, naiosha, naikausha katika kisanduku hicho hicho, naifunga, inatembea. Kwangu mimi kufa kulikuwa vumbi tu. Sikuwahi kuletewa kitu ambacho kikifa hakirudi. Nililitazama harage, likawa zima, linang'aa, halina tundu, nikasema hili liko tayari.

Nilikuwa nimeanza kukuandikia uwaambie watoto kwamba maharage yamelala na wasipige kelele. Bibi yako akanishika mkono wa kalamu. "Umemharibia mtoto kazi," akasema, "sasa unataka kumtia na uongo mdomoni?" Kwa hiyo waambie ukweli. Sema babu yangu aliyaoka. Wanicheke, sitakuwa na habari.

Kwenye karatasi hii mna maharage mengine, ya mtungi wa bibi yako. Mimi nilikatazwa hata kusimama karibu. Soksi ya pili nayo nilikatazwa. Yaloweke leo leo. Bibi anasema siku tatu, nne, yatatoa mkia.

Yale yangu usiyatupe. Saa ya kwanza niliyoiharibu, bwana wangu aliitundika mbele ya meza yangu mwaka mzima. Nilikuwa naiona kila ninapoinua kichwa. Ile ndiyo iliyonifundisha, zile nzima zilinilisha tu.

Nisamehe.

Babu yako


Tarehe 31 Mei

Mwalimu,

Salamu. Sisi wazima. Bibi mzima. Goti zima. Hata paka wa jirani mzima, nimekwenda kumuuliza.

Jumatano imepita. Dereva anasema alikuona getini umebeba makopo, hakuona uso. Dereva gani huyu anayeona makopo asione uso? Niandikie neno moja. Hata kama ni baya, ni neno.

Babu yako


Tarehe 6 Juni

Mjukuu wangu,

Natumaini u mzima. Huku mimi na bibi yako tunasikiliza gari la maziwa kama watu wanaodaiwa.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata mama yako halijui. Siku zote nimesema niliacha shule kwa sababu ya umbali. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara. Ningerusha kiatu kingefika.

Darasa la nne mwalimu alituandikia ubaoni sehemu za mbegu. Tukanakili. Nikanyoosha mkono nikauliza, mbegu imefukiwa, gizani, haina macho, inajuaje juu ni wapi? Akasema, andika, usiulize. Nikadhani hakusikia, nikauliza tena. Akanisimamisha pembeni mpaka kipindi kikaisha, na wenzangu wakaniita "Juu ni wapi" mpaka jioni. Kesho yake nilikaa mlangoni kwa fundi saa. Sikurudi tena.

Silii, ni zamani. Yule mwalimu naye labda alikuwa na mkufunzi wake nyuma ya darasa. Ila niliposikia umefeli kwa kuandika ubaoni, nilitaka sana usije ukawa yeye. Ndiyo nikajifanya mkulima. Kama nimekuharibia, andika uniambie hivyo. Masikio yangu yana nywele lakini yanasikia.

Babu yako


Tarehe 10 Juni

Babu yangu na bibi yangu, shikamooni,

Nisameheni kwa kimya. Matokeo yamebandikwa leo asubuhi, na nilikuwa nimejiapiza sishiki kalamu kabla sijajua. Ningeandika nini? Nimefaulu.

Sasa bibi amekaa chini, najua. Mpe maji.

Babu, siku ile ile maharage ya bibi yalipofika niliwaambia watoto kila kitu. Kisanduku, balbu, fukusi, mafuta ya taa. Walicheka mpaka dawati moja likaanguka. Kisha mmoja akauliza, "Kwani fukusi na harage vyote vilikuwa hai?" Nikaacha kucheka, maana swali hilo sikulipanga. Tukapanga makopo mawili mawili, la babu na la bibi, pamba ile ile, maji yale yale, dirisha lile lile. Jumatatu ya bibi yalikuwa yametoa mkia. Yako yalikuwa yametoa harufu.

Jumatano mkufunzi akaja, akakaa nyuma, akashika pua, akafungua daftari. Sikuandika kitu ubaoni. Niliwapa kila kundi harage moja la babu na moja la bibi, wayapasue wayatazame kwa kijicho kwa zamu. Kelele yake usiseme. La bibi lina majani mawili meupe yamekunjana ndani, kama barua kwenye bahasha. La babu lina kitu cha kahawia, ukikigusa kinamomonyoka. Waziri alimwagia kiatu chake maji akasema anafanya jaribio.

Mkufunzi akasimama. Nikajua anakuja kuuliza lile swali lake.

"Na gari, ni kiumbe hai?"

Kisha mtoto wa dawati la mbele akasema, "Gari likizimwa linawashwa. Harage la babu yake mwalimu likizimwa limezimwa."

"Na saa yangu hii? Inatembea mchana na usiku."

"Hiyo ikifa babu anaifufua," akasema mwingine. "Harage lilimshinda. Kwa hiyo harage ndilo lililokuwa hai."

Waziri akaongeza, "Mwalimu, itie kwenye kopo wiki moja, nakuahidi tutaona kama inazaa." Mkufunzi akaficha mkono nyuma.

Halafu akaenda kwenye dawati la mwisho. Kimya alikuwa na makopo yake mawili mbele yake, na daftari. Akamuuliza akimwonyesha la bibi, "Hili ni hai?"

"Ndiyo."

"Na hili jingine?"

"Lilikuwa."

"Umejuaje?"

Babu, nilishika ukingo wa meza. Kama angesema "mwalimu amesema" ningekuwa nyumbani sasa hivi natafuta skrubu. Kimya akamfungulia daftari. Maduara, tarehe, maduara, tarehe, hata Jumamosi na Jumapili, maana alikuwa analibeba kopo kwenda nalo kwao. Akasema, "Nimelingoja siku kumi na sita."

Mkufunzi alikaa kwenye dawati lile, magoti yamemfika kidevuni, akageuza kurasa zote moja baada ya nyingine. Leo kwenye ripoti nimekuta ameandika: "Kelele nyingi. Harufu pia. Amepitiliza kipindi kwa dakika ishirini. Amefaulu."

Barua yako ya tarehe 6 ilinikuta tarehe 7. Niliisoma chooni, ndipo penye mlango unaofungwa. Siku hiyo hiyo nikaenda darasani nikawaambia kuna mtu anauliza, mbegu inajuaje juu ni wapi? Sikuwaambia ni nani, na sikuwajibu. Waziri ameahidi jibu. Kimya alinyanyuka bila kuambiwa, akalilaza kopo lake la bibi ubavu dirishani. Mmea ukalala nao. Leo asubuhi umepinda kama shingo ya mtu aliyeitwa, umeelekea juu. Amelaza na jingine la bibi, la mwenzake, kwenye kabati lenye giza, maana anasema labda wa dirishani umeiona nuru. Tunangoja. Nikijua nitakwambia, nawe kama unajua usiniambie.

Kijicho bado kiko darasani, na nasikia haya kukiomba kutoka kwao. Soksi nimeifua.

Mjukuu wako,
Mwalimu


Tarehe 13 Juni

Mwalimu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara mbili na bibi yako, mara moja na dereva, ambaye aliisoma kwa ufasaha wa mtu aliyekwisha kuisoma. Mahali pa shingo ya mtu aliyeitwa, bibi yako aliiweka barua chini akaenda kukoroga sufuria isiyokuwa motoni. Mimi nilitoka nje kumtazama paka wa jirani.

Miaka zaidi ya sitini, mjukuu wangu. Na kumbe ilitakiwa tu mtu alaze kopo.

Hilo la kabatini usinifiche. Mimi nasema mmea utapinda hata gizani. Bibi yako anasema utachanganyikiwa kama mimi. Tumewekeana dau, anayeshindwa anafagia uani mwezi mzima, kwa hiyo chunga goti langu.

Kijicho kikae huko huko. Nilisema nakuazima, sikupi. Sawa, sikupi wewe. Nawapa wao. Mwambie Kimya yeye ndiye mtunzaji, na Waziri asikiguse hata akiahidi. Kile kisanduku cha bati bibi yako amekichukua, anafugia kuku atamiaye ndani yake, bila balbu. Amekitoboa matundu kwa bisibisi yangu mwenyewe, mbele yangu.

Lakini kuna jambo moja unalodaiwa, na deni ni deni hata kwa mwalimu mwenye cheti. Soksi yangu ya kulia. Ya kushoto imeshaanza kuzungumza peke yake. Irudishe kwa dereva huyu huyu. Ila isije tupu, mjukuu wangu. Nilikudanganya katika barua ya kwanza kwamba nimewahi kupanda, na uongo ule unaniwasha. Mmea wa Kimya ukizaa, muombe punje tano kwa heshima, uzitie humo, ufunge fundo. Nitazipanda chini ya dirisha kwa mkono wangu, bibi yako akiwa amesimama kunilinda, nami nitalala kifudifudi pale chini, kama goti likiniruhusu, nione zinajuaje.

Babu yako,
Juu ni wapi